Hukumu ya Santuri Mpya ya Bendi Kongwe

Miongoni mwa mambo yanayosemwa sana na kuandikwa kidogo katika lugha yetu ni hili la namna kazi mpya ya bendi kongwe inavyopokewa na wasikilizaji. Barazani linasemwa, vilabuni linasemwa, na ndani ya vifodi vinavyotoka mjini Arusha kwenda Tengeru na Usa River linasemwa kwa sauti inayoishinda ya redio yenyewe. Walakini ukimwomba msemaji akuandikie kurasa mbili juu ya alichokisikia, atakuambia kwamba muziki husikika, hauandikwi, kisha atageuza maneno. Ndiyo maana tunazo hukumu nyingi na hoja chache. Chipukizi akitoa wimbo wake wa kwanza hupimwa kwa alicholeta, maana hana kingine. Mkongwe akitoa kazi mpya hupimwa kwa nyimbo zake mwenyewe, ambazo watu wamechumbiana nazo, wameoana nazo na wamelea watoto nazo, hata ikawa hukumu imekwisha kupita kabla ubeti wa kwanza haujamalizika. Hapana anayekusudia kudhulumu, lakini dhuluma ipo. Nataka kutazama dhuluma hiyo inatoka wapi hasa, na kwa nini imekuwa kali kwetu kuliko kwa wengine. Nami nitaifuata zaidi kwa bendi zilizojitegemea, zisizo na chama cha wafanyakazi, jeshi wala shirika la kuzilipa mishahara, kwa kuwa bendi ya namna hiyo haina ngao ila masikio ya watu, na kwa kuwa mji wetu wa Arusha, ambao wengi huudhani mji wa watalii na mikutano tu, umezilea kadhaa.

Tuanze mbali ili tuone karibu. Bendi ya roki ya Uingereza iitwayo The Cure, iliyoanza katika miaka ya 1970, ilikaa miaka 16 bila ya kutoa albamu ya nyimbo mpya, toka mwaka 2008 hadi Novemba 2024 ilipotoa Songs of a Lost World, na wahakiki wengi wa huko wakaisifu kwa kauli moja iliyokaribia kuwa kanuni: kwamba haikupata kutokea nyingine iliyo bora hivyo tangu Disintegration ya mwaka 1989. Sifa hiyo ukiitazama vizuri ina makali mawili, kwa maana inamsifu mtu leo kwa kumshitaki kwa miaka thelathini na mitano iliyopita. Hata hivyo ina insafu ndani yake. Mhakiki wa huko amezoea kuichukua albamu kama sisi tunavyokichukua kitabu, kitu chenye mwanzo na mwisho na mpango wa katikati, na mazoea hayo yana umri. Robert Christgau, mhakiki wa New York, naye alikuwa akizitunukia albamu alama za A, B na C, kama mwalimu asahihishaye madaftari, tangu mwaka 1969. Binafsi desturi ya kuupa muziki maksi naiona ya kuchekesha kidogo. Lakini anayetoa maksi hana budi kuusikiliza mtihani wote, na hapo ndipo wenzetu walipotupita.

Sisi hatukuilea albamu, na sababu ni za kihistoria wala si za uvivu. Siti binti Saad na wenziwe walipovuka hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa ajili ya kampuni ya His Master's Voice, walichorudisha pwani kilikuwa ni sahani za wimbo mmoja mmoja, na kila sahani ilikwenda na njia yake, hii ikapendwa Lamu na ile Dar es Salaam. Shaaban Robert, alipoandika Wasifu wa Siti binti Saad, ambao mpaka leo ni katika maandiko bora tuliyonayo juu ya mwanamuziki wa Kiswahili, aliuelekeza ufasaha wake kwenye maisha na murua wa mwimbaji kuliko kwenye kupima santuri moja baada ya nyingine. Na waliomfuata wakashika njia hiyohiyo, hata leo gazeti likitaka kuzungumzia kazi ya mwanamuziki huanza kwa alizaliwa wapi na kumalizia kwa ana watoto wangapi.

Kisha ikaja santuri ndogo ya Nairobi, ile ya mizunguko 45 kwa dakika, na hii ndiyo iliyotufunza kusikiliza kwa namna tunavyosikiliza. Kwa kuwa upande mmoja haukuweza kubeba zaidi ya dakika nne au tano, wimbo wa dansi ulikatwa kati: upande wa kwanza ulichukua mashairi, kisa cha mke na mume au cha rafiki aliyegeuka, ukaishia mahali ambapo mwimbaji amekwisha kutoa malalamiko yake, ndipo mpigaji wa santuri akaigeuza, na upande wa pili ukaingia na chemko, gitaa la solo likipanda juu ya ridhimu na besi, na waliokuwa wamekaa wakasimama. Msikilizaji akawa na hukumu mbili kwa wimbo mmoja, moja ya maneno na moja ya miguu, na wapo waliojua upande wa pili wa santuri fulani kwa moyo ilhali hawakupata kuyafuatisha maneno ya upande wa kwanza. Huku kwetu Tanzania hali ilikuwa nyingine tena. Bendi iliingia studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi nyimbo zake kwa mkupuo, na kanda zikabaki kuwa mali ya redio, zikapigwa mwaka baada ya mwaka, nyingi pasipo kupata kuwa bidhaa ya dukani yenye jalada na mpangilio. Utaihakikije albamu ambayo haikupata kuwako?

Kilichosimama mahali pa albamu kilikuwa ni mtindo. Western Jazz walikuwa na Saboso yao, wale wa NUTA Jazz wakawa na Msondo, na Mlimani Park wakawa na Sikinde. Na mitindo hiyo ilikuwa na nguvu hata jina la mtindo likalimeza jina la bendi, na leo anayekwenda dansini husema anakwenda Sikinde bila ya kukumbuka shirika lililoimiliki. Bendi iliyotaka kuutangazia umma kwamba imejigeuza ilizindua mtindo mpya, na ukumbi ndio ukatoa hukumu usiku uleule. Nadhani jambo hili halijatiliwa maanani inavyostahili na wanaoulizia kwa nini Waswahili hawana uhakiki wa muziki. Uhakiki ulikuwapo, ila ulikuwa wa mwili. Tazama kitendo cha kutuza: mwanamke anainuka kitini, anakwenda jukwaani taratibu akiinua mkono mwenye noti, anaingojea kauli moja, si yoyote, bali ile inayomgusa yeye au inayomchoma jirani yake aliyekaa meza ya tatu, na kauli hiyo ikitoka tu noti inabandikwa kwenye paji la mwimbaji. Kwenye taarabu kitendo hiki kimekuwa fani nzima yenye adabu zake. Aliyetuza kwenye ubeti wa nne amesema kwamba ubeti wa nne ndio wenye nguvu, na amelisema mbele ya mashahidi, kwa fedha yake mwenyewe. Wahakiki wangapi wa magazetini wanaweza kudai hivyo?

Lakini uhakiki wa ukumbini una kasoro moja ambayo kwa bendi kongwe ni msiba: unahitaji watu walewale kuwako jukwaani. Hukumu yake ni ya sauti na sura, na sauti zikibadilika hukumu hupoteza mzani. Hapo ndipo nawaleta ndugu wa Kinyonga.

Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walikuwa watu wa Tanga, waliopigia Jamhuri Jazz ya huko katika miaka ya 1960, kisha mnamo mwaka 1970 wakahamia Arusha na pamoja na ndugu yao wa tatu, William, wakaunda Arusha Jazz. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka kwenda Kenya, kwenye studio na viwanda vya kupigia santuri, na huko wakawa Simba Wanyika. Mji wetu wa Arusha wakati ule ulikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ukikaa katikati ya Dar es Salaam iliyokuwa na redio na Nairobi iliyokuwa na soko, na mwanamuziki asiyekuwa na mwajiri aliona mara moja upande wa kuelekea. Wakubwa wetu wa Arusha bado huwahesabu kama wao, na sioni sababu ya kuwakatalia, ingawa Tanga nayo ina haki yake na Nairobi ndiyo iliyowapa mkate.

Mwaka 1978 bendi ikapasuka, na Omar Shabani pamoja na wenziwe, wakishirikiana na John Ngereza, wakaanzisha Les Wanyika, waliotoka na Sina Makosa, wimbo ambao mpaka leo hauna haja ya kuelezwa kwa mtu yeyote azungumzaye Kiswahili. Kisha zikaja Wanyika nyingine. Kila iliyozaliwa ilichukua kipande cha jina, kwa kuwa jina ndilo lililokuwa mtaji, na kila kazi mpya ya yeyote kati yao ilipokewa kwa swali la mirathi kabla ya swali la muziki: hawa ndio Wanyika wenyewe au ni wale wengine? Nimewasikiliza watu wazima wenye busara wakibishana nusu saa nzima juu ya kanda moja pasipo hata mmoja kutaja gitaa, sauti wala shairi, bali nani alimwacha nani, na mwaka gani, na kwa kosa lipi.

Kwa hiyo Simba Wanyika walipotoa Pepea mwaka 1992 kwa kampuni ya Kameleon ya Uholanzi, wakiwa na umri wa miaka zaidi ya ishirini kama bendi, albamu hiyo ilizaliwa mikononi mwa wasikilizaji wa namna mbili wasiojuana. Iliwakusanyia Wazungu nyimbo ambazo sisi tulikwisha kuzijua, zikapigwa upya kwa usafi wa mitambo ya siku hizo, kwenye CD, katika wakati ambao msikilizaji wa Arusha au Mombasa alikuwa bado na redio yake ya kaseti. Mzungu aliipokea kama kitu kipya, kwa kuwa kwake ilikuwa kitu kipya kweli. Aliweza kuyafurahia magitaa yanavyojibizana, lakini kisa kinachosimuliwa kilimpita kama upepo, madhali hakuijua lugha, na nusu ya Simba Wanyika ni kisa. Msikilizaji wa nyumbani, kila ilipomfikia, alikuwa na kisa chote kichwani tangu zamani, na kwa hiyo hakukisikiliza. Alichosikiliza ni tofauti. Mbona hapa wamekwenda polepole? Mbona ile ngoma haigongi kama ya zamani? Mmoja aliisikia albamu isiyokuwa na maneno, na mwingine aliisikia albamu isiyokuwa na upya.

Maoni yangu mwenyewe ni kwamba Pepea imepigwa vizuri kuliko santuri nyingi zilizoitangulia, na kwamba ule msonge wa magitaa, ambao kwenye santuri za kale ulikuja umeshikamana kama bonge moja, hapo umefumuka na kila mpigaji akaonekana ana jambo lake. Na mtu anayetaka kujifunza jinsi ridhimu ya Wanyika inavyobeba solo bila ya kuigusa asikilize hiyo kwanza. Kilichopungua ni ule ulazima. Katika santuri ya zamani mwimbaji analalamika kama mtu ambaye ameudhiwa leo asubuhi. Katika Pepea analalamika kama mtu anayesimulia alivyoudhiwa ujanani, kwa ufasaha zaidi na kwa hasira ndogo. Hilo si kosa. Ni umri, na umri una haki ya kuimba. George Kinyonga alifariki mwisho wa mwaka huohuo wa 1992, Wilson akamfuata mwaka 1995, na albamu ambayo ilipaswa kuhojiwa kama kazi ya watu hai ikageuka kuwa kumbukumbu, na kumbukumbu haihakikiwi na mtu mwenye adabu.

Kurekodi upya nyimbo za zamani si jambo la Wanyika peke yao. Les Mangelepa, walioundwa Nairobi mwaka 1976 na wanamuziki kutoka Kongo, nao walipotoa albamu yao Last Band Standing kwa Ketebul Music, miongo minne baadaye, walizirudia kazi zao za ujanani. Inafahamika. Bendi isiyokuwa na mwajiri haina wasaa wa kuwafundisha watu kupenda kitu kipya. Lakini pana ubaya wake, kwamba kila kurudia kunamthibitishia msikilizaji kuwa alikuwa sahihi kutotaka kingine.

Wapo wakongwe ambao lile swali la kama hawa ndio wenyewe haliwafikii, nao ni wa vyama. Ikhwani Safaa ya Unguja iliasisiwa mwaka 1905, na mwaka 2005 ilipotimiza karne, kukatolewa albamu ya kwanza ya mfululizo wa Zanzibara kwa heshima yake, hapakuwa na mtu mzima wa akili wa kuuliza kama hawa ndio wenyewe, kwa kuwa waasisi walikwisha kuzikwa zamani na kila mtu alijua kwamba chama ndicho kinachoimba, wala si fulani bin fulani. Bendi za dansi za bara ziko katikati, pasipostarehesha. Muhidin Maalim Gurumo alitoka Msondo kwenda kuiasisi Mlimani Park mwaka 1978, akatoka huko mwaka 1985 kwenda Safari Sound, kisha akarudi Msondo. Na kila alipohama wapo mashabiki waliohama naye na wapo waliobaki na jina, na pande zote mbili zilidai kwamba ndizo zilizoshika asili. Ushabiki wa Msondo na Sikinde ukawa kama wa Simba na Yanga, na anayejua mpira anajua kwamba shabiki wa kweli haulizi timu yake imecheza vipi, anauliza imeshinda ngapi.

Turudi Arusha. Mwaka 1996, wakati vijana wa mjini walipokuwa wakijifunza kufoka kwa Kiswahili, liliundwa kundi la X Plastaz, na mwaka 2004 likatoa albamu Maasai Hip Hop kupitia OutHere, kampuni ya Munich huko Ujerumani. Ndani yake sauti za wafokaji, akina Nelly, Gsan na Ziggy, zimechanganywa na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat ole Meipuko, na mchanganyiko huo, pamoja na vazi lililouandama, ndio uliowafikisha mbali, hata Gsan akasimama mwaka 2009 katika mduara wa wafokaji wa tuzo za BET huko Marekani. Nje albamu ilisomwa kwa jina lake: hawa ni Wamaasai, na hii ni hip hop, ajabu iliyoje! Nyumbani ilisomwa kinyume, na hasa hapa penye Wamaasai, Waarusha na Wameru wanaojuana kwa koo: nani hapo ni Mmaasai wa kweli, na ngao na shuka zile ni za nani? Hata mzaha ulikuwa umekwisha kuandaliwa, maana Mr. Ebbo alikuwa ametangulia na wimbo wake wa Mi Mmasai, na mwenye kucheka Kiswahili cha Mmaasai mmoja hakuona tabu kumcheka wa pili.

Katika mabishano hayo ya vazi, wachache waliisikiliza albamu yenyewe, na waliokosa ni wengi. Wimbo kama Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki unauliza swali ambalo wanafiqhi na wachungaji wamelizungukia karne na karne, nao unaliuliza kwa Kiswahili cha mtaani kisichomwonea haya mtu. Mhakiki wa Munich asingeweza kuliona, na sisi tulioweza kuliona tulikuwa tunazikodolea macho shuka. Nelly akauawa mwaka 2006, na tangu hapo kila kilichotoka kwa jina la kundi kilikutana na swali lilelile la Wanyika. Naona ajabu kwamba fani iliyojinasibu kuwa mpya, yenye kompyuta na kapelo, ilirithi hukumu za dansi pamoja na magonjwa yake yote.

Kundi jingine la Arusha, Weusi, limeziona njia zote mbili, ya wimbo mmoja mmoja na ya albamu. Kundi hili limekusanya waliotoka River Camp, akina Joh Makini, nduguye Nick wa Pili na Bonta, na waliotoka Nako 2 Nako ya Ngarenaro, akina G Nako na Lord Eyez. Wamesimama wenyewe kama kampuni, na kwa miaka mingi waliishi kwa wimbo mmoja mmoja, ule wa kutoka leo na kusahauliwa mwezi ujao kama hautashika. Walipotoa Air Weusi mwaka 2021, albamu yao ya kwanza kama kundi, hawakuwa tena vijana, na mwezi Juni mwaka huohuo Nick wa Pili akateuliwa kuwa Mkuu wa Wilaya ya Kisarawe. Albamu ya kwanza ya wakongwe ni kiumbe kigeni: haina albamu ya zamani ya kulinganishwa nayo, na bado haisameheki kama ya chipukizi. Msikilizaji wa Chuga, yaani Arusha, aliyelelewa na mashairi yao makavu ya mwanzo aliutafuta mji wake ndani ya albamu, na kila alipokuta mdundo wa kuchezeka alihisi kwamba Dar es Salaam imewanunua. Tuhuma hiyo naiona ya kitoto, maana mtu aliyehama Arusha zaidi ya miaka kumi hana wajibu wa kuigiza kwamba bado anapanda kifodi cha Ngarenaro. Walichostahili kuulizwa ni kitu kingine. Wafokaji wanne au watano wenye sauti zilizo mbalimbali namna ile, G Nako akiimba nusu na kufoka nusu, Joh akipanga vina kama mtu anayepanga matofali, wanahitaji mpango wa nani aingie lini ili albamu nzima isiwe foleni ya watu wanaosubiri zamu. Na hapo, kwa masikio yangu, mahali pengine mpango upo na mahali pengine foleni inaonekana. Sikupata kumsikia mtu akilisema hilo.

Sokoni Tengeru, siku za mnada, hukaa kijana na kompyuta yake chini ya mwavuli, kazi yake kuwajazia watu nyimbo kwenye flashi na kadi za simu. Nyimbo amezipanga kwenye mafolda: Kwaya, Bongo Fleva, Singeli, Reggae, Zilipendwa. Nilimwomba anitafutie kazi za karibuni za bendi moja ya dansi ya Dar es Salaam, nyimbo ambazo hazikuwa na umri hata wa miaka miwili, na bila ya kusita akafungua folda ya Zilipendwa. Nikamwambia, mdogo wangu, hizi ni mpya. Akanijibu, "Najua, mzee, lakini wanaozitaka wanakuja kuzitafuta humu." Hakuwa na dharau yoyote. Alikuwa amewaelewa wateja wake kuliko mimi, na mpango wake wa mafolda ni maelezo yaliyo kamili kuliko mengi niliyopata kuyasoma: kazi mpya ya mkongwe, kwa msikilizaji wetu, haina mlango wa kuingilia ila mlango wa jana.

Redioni mambo ni afadhali kidogo. Tangu Radio One ilipofungua mlango wa vituo vya watu binafsi mwaka 1994, vipindi vya muziki wa zamani vimeongezeka, na wapo watangazaji wenye ilimu kubwa, kama Masoud Masoud, ambaye anaweza kukutajia nani alipiga besi katika wimbo uliorekodiwa kabla hujazaliwa. Na John Kitime, mpiga gitaa wa Kilimanjaro Band, ameandika mengi juu ya historia ya dansi kwa jicho la mtu aliyekuwako jukwaani. Deni letu kwao ni kubwa. Lakini ilimu hiyo ni ya kuhifadhi, na mhifadhi hana shughuli na kilichotoka juzi. Kati ya mhifadhi anayejua yote yaliyopita na shabiki anayejua upande wake, kiti cha mtu aliyeikalia albamu mpya siku saba, akaijua, akasema hapa wamepatia na hapa wameteleza kwa sababu hii na hii, kimebaki kitupu.

Pana mahali pamoja tu ambapo nimekiona kiti hicho kina mwenyewe, na si mbali na nyumbani. Akheri, jirani na Tengeru, ni nchi ya Walutheri wa siku nyingi. Wamisionari wawili wa Leipzig, Ovir na Segebrock, waliuawa hapa mwaka 1896, na wengine walipokuja baadaye na kukubaliwa, walikuja na vitabu vya tenzi na sauti nne, na matarumbeta yakafuata. Kwaya za usharika huku zina umri wa kuzipita bendi zote nilizozitaja isipokuwa ile ya Unguja, nazo hurekodi, na albamu zake huhesabiwa kwa namba, toleo la tatu, toleo la nne, kama vitabu. Wala hapana anayeuliza kama hawa ndio wenyewe, kwa kuwa waimbaji wa zamani wamekaa palepale kwenye mabenchi, wengine wakiwa na wajukuu wao kwenye soprano. Toleo jipya likitoka linasikilizwa lote, toka wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, jikoni, shambani kwenye kahawa na migomba, garini, wiki nzima. Kila msikilizaji aliyepata kuimba anaifuata sauti yake mwenyewe, mwenye teno anafuata teno, mwenye besi anafuata besi, na maneno wanayajua kiasi cha kutambua neno la Maandiko lililopindishwa ili litoshee kwenye mdundo. Na Jumapili, ibada ikimalizika, watu wakiwa bado wanaamkiana uwanjani, mwalimu wa kwaya hawezi kufika langoni bila ya kushikwa mkono na mzee mmoja au wawili, na baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, ataambiwa kwamba wimbo wa tatu umekimbizwa, kwamba kinanda kimewafunika alto tangu ubeti wa pili, kwamba lile toleo lililopita lilikuwa na pumzi na hili halina, isipokuwa wimbo wa sita, huo wameuweza, na nani aliwafundisha kushusha sauti namna ile pale mwishoni?